Kaa la Kuhamia Ihumwa

Kwako mdogo wangu Hawa, huko kwetu milimani, Kondoa.

Marahaba. Najua shikamoo umenitolea hata kama sijaisikia, maana mama yetu alitulea vizuri. Sasa nijibu wewe. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokuachia unaipaka, au umeiweka kabatini ikae kama pambo? Mbuzi wangu mweupe amezaa? Na mtama msiuuze wote, nawajua, mkiona gunia limejaa mikono inawawasha. Mimi ni mzima. Macho yanaona, meno yaliyobaki yanatafuna, sala zangu nasali kwa wakati. Tatizo langu ni kushtuka tu. Tangu nifike huku Dodoma nashtuka asubuhi, nashtuka jioni, na kushtuka hakuna dawa ya kuchua.

Utasema mbona dada hapigi simu. Sipigi kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, ukiongea na mimi majirani ndio wanaoitikia. Siku ile nilikwambia tumbo linanikata, kesho yake mke wa mwenye duka akanipigia kunipa pole. Haya ya leo ni ya mwanetu Idi, na sitaki yafike kisimani kabla hayajafika kwako. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile za kisomo cha watu wazima. Zikipinda, nyoosha wewe. Barua nampa kondakta wa basi la Kondoa, kijana wa kwetu, anakuletea mpaka mlangoni. Kaa chini usome peke yako.

Naanza na nyumba. Nyumba ya Idi ile tuliyokuwa tunaisifia kwenye picha, ni nzuri kweli, sikatai. Vigae chini, maji ndani, choo nacho ndani, choo na jiko vinatazamana, haya, nimezoea. Lakini Hawa, nyumba ile imejengwa mahali ambapo mtu hawezi kwenda popote. Viwanja vikubwa, kila mtu amejizungushia ukuta ulio juu kuliko kichwa cha punda, na geti la chuma. Asubuhi ya kwanza chumvi ilikuwa imekwisha, nikajifunga kanga yangu nikasema natembea mpaka dukani. Nikatembea. Ukuta. Geti. Ukuta. Mbwa. Ukuta. Barabara haina hata ukingo wa kuweka mguu, gari likipita unajibanza ukutani kama mjusi. Akatokea kijana wa bodaboda, akasimama.

"Shikamoo bibi. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea, nakwenda dukani."

"Duka huku, bibi? Duka la wapi? Panda nikurudishe kwenu."

Nikarudishwa kama mzigo, bila chumvi. Mimi, niliyekwenda Kolo na kurudi kwa miguu na mtoto mgongoni, nimeshindwa kufika dukani.

Nikasema basi, huenda wenyewe hawapendi kutembea. Kumbe wanapenda, tena wanalipia. Jioni moja Nasra, binti yake Idi, akanichukua kwenda kumwona baba yake mahali wanapofanya mazoezi, wanapaita jimu. Ndani nikakuta watu wazima wamejipanga, kila mtu juu ya mashine yake, wanatembea. Mkanda chini unakimbia, wao wanaufuata, hawafiki. Idi naye yumo, jasho mpaka kwenye soksi. Nikadhani ni adhabu. Pembeni yake mama mmoja mnene, mzuri wa sura, naye anatembea kwa nguvu. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe unakwenda wapi?"

Akatoa vitu masikioni. "Abee bibi?"

"Nauliza unakwenda wapi."

"Siendi popote bibi. Napunguza mwili."

Nikamtazama Nasra, Nasra anacheka ameziba mdomo. Idi hakunitazama kabisa. Mwanangu ametoka ofisini na gari, amepita na gari, amelipa, amepanda mkanda akatembea hapo hapo, ameshuka, amepanda gari, amerudi nyumbani. Nikamwambia njiani, "Baba yako angekuwa hai angekufunga kamba ukachunge, kidogo ungepona." Akaongeza sauti ya redio. Ungekuwepo ungeona alivyoiongeza, ungejua kama nilivyojua mimi kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe nililiona siku ya pili yake, alasiri. Alikuwa anatawadha bombani nyuma ya nyumba, hakujua nipo kibarazani. Akavua soksi ya kushoto. Hawa, kidole kidogo cha mguu hakipo. Nilimzaa na vidole vyote, nilivihesabu mwenyewe kabla hata mkunga hajakata kitovu, na sasa pale pamebaki ngozi iliyokunjamana kama mdomo wa kibogoyo. Birika nililolishika likaanguka. Akageuka. Nilisema tu, "Kiko wapi?" Akasema, "Mama, tulia." Nikamwambia sitatulia, kiko wapi.

Ni sukari. Anayo muda mrefu, na sisi hatuambiwi. Kidonda kidogo cha kiatu kilioza, wakakikata kidole hospitalini, akakaa akapona, na kwenye simu akawa anatuambia "nipo salama mama, kazi nyingi tu." Kazi nyingi! Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Mkewe Salma akatoka jikoni analia, na yeye nikamsema, maana alijua. Ndipo Salma akaniambia na lile lingine, ambalo Idi alitaka lifichwe zaidi ya kidole. Wakati fulani, Salma akiwa kazini, sukari ilimshuka ghafla, akaanguka mbele ya geti lake mwenyewe. Alilala pale kwenye vumbi hadi mkewe aliporudi. Magari yalipita. Jirani wa ng'ambo alimwona, akafikiri ni mlevi, akafunga geti. Jirani huyo ukimwuliza Idi jina lake, halijui. Na yeye halijui la Idi.

Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya vigae, nikaliokota birika nililoliangusha.

Daktari wake amemwambia wazi. Atembee kila siku, kwa viatu vizuri vya kufunika mguu, ale kwa wakati, dawa kwa wakati, asikae peke yake kama bundi. Akiendelea kukaa kwenye kiti cha ofisi na kiti cha gari, watakuja kukata tena, na safari hii si kidole. Basi Idi akasema mbele yetu wote kwamba nyumba ile anaipangisha, tunahamia mahali ambapo miguu inafanya kazi yake: dukani kwa miguu, sokoni kwa miguu, msikitini kwa miguu, na kituo cha basi la kazini kwa miguu. Nikamwambia mahali kama hapo panaitwa kijiji na ulipakimbia. Akasema, "Mama, lazima pawe karibu na ofisi." Haya. Tukaanza kutafuta, na mimi nikasema sirudi kwetu mpaka nimwone amewekwa mahali ambapo akianguka ataokotwa.

Kwanza akatupeleka Mpwapwa, kwa sababu mwenzake wa ofisini ametoka huko na anapasifia. Nami nakwambia Mpwapwa nilipapenda. Mji umekaa chini ya mlima, miti mikubwa, unatoka sokoni unafika stendi, unafika msikitini, hujachoka. Watu wanakuamkia. Lakini ni mbali, Hawa. Idi angetoka nyumbani nyota bado zipo na kurudi nyota zimerudi. Nikamwuliza, "Sasa hapa utatembea saa ngapi, ukiwa umelala?" Akasema nimesema kweli. Namshangaa, msomi mzima kuhitaji kuambiwa.

Halafu tukaenda Nkuhungu, humu humu Dodoma mjini. Hapo nikasema sasa tunaanza mambo yenye maana, nikatoa kigae.

Ngoja nikueleze kigae, ingawa utakuwa umeshacheka. Unakumbuka tulipohama bondeni kupanda kule juu, mama alivyomnyang'anya baba kiberiti? Moto wa kwanza wa nyumba mpya hauwashwi kwa kiberiti. Mwanamke mkubwa wa nyumba anachukua kigae, anakwenda kwa jirani kuomba kaa. Jirani anauliza, "Moto wa nyumba ipi?" Unamwambia. Anakupa kaa, mwanamume mwenye nyumba analibeba, na jioni yule aliyetoa anakuja kutazama kama limeshika. Kuanzia hapo asipoona moshi kwako asubuhi, anakuja kugonga. Ndivyo yule bibi mwenye jicho moja alivyokuja kugonga siku mama alipopata homa ya uzazi. Basi nikajisemea, nitapima miji yao kwa njia hiyo. Nikaokota kipande cha chungu cha maua cha Salma kilichovunjika, nikakiosha, nikakiweka kwenye mfuko wangu. Sikumwambia mtu.

Nkuhungu ni mtaa hasa. Genge hili, saluni ile, watoto wanapita, wanawake wanasemeshana juu ya uzio. Idi akiwa anatazama vyumba, nikamfuata mama mmoja anayefua nje, nikamwomba moto. Mtu mwema sana yule. Aliingia ndani akatoka na kiberiti kizima akaniwekea mkononi. "Chukua tu bibi, kaa nacho, ninacho kingine." Kiberiti kizima maana yake nini? Maana yake usirudi tena. Lakini hakuwa na nia mbaya, maskini, hakufundishwa. Hata hivyo Nkuhungu ilimshinda Idi kwa sababu nyingine. Ofisi yake iko mashariki, kule kwenye majengo mapya ya wizara, angelazimika kuukata mji mzima kila siku katikati ya foleni. Tena chumba alichokitaka kilichukuliwa tukiwa bado tunapima madirisha.

Sasa sikiliza la tatu, na ukisikia usimwambie mtu, hata mumeo.

Salma yeye alitaka mahali pengine, majumba yamepangwa pamoja ndani ya geti moja, na mlinzi, na maua, na njia zimetandikwa matofali kwa ajili ya kutembea. Akasema, "Mama, huko watu wanatembea kila jioni." Tukaenda asubuhi ya Jumapili, Nasra naye yumo nyuma ya gari. Kweli njia ni nzuri, zinazunguka majumba na kurudi zilikoanza, kama ule mkanda wa mashine. Salma na Idi wakaingia kuonyeshwa jiko. Mimi nikachukua kigae changu, nikaanza milango. Wa kwanza hakufungua, aliongea na mimi kupitia kisanduku ukutani. Wa pili, mtumishi akachungulia akasema mama amelala. Wa tatu akatoka baba mmoja amevaa bukta, uso wa upole. Nikamwamkia, nikanyoosha kigae nikasema, "Mwanangu, naomba moto."

Hakuuliza wa nyumba ipi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa sarafu, akaziweka kwenye kigae. Zikalia. Akasema, "Bibi, uniombee."

Hawa, nimefiwa na mume, nimefiwa na watoto wawili, nimelala na njaa mwaka ule wa ukame nikiwa na mimba, na sijawahi kunyoosha mkono kwa mtu. Nilisimama pale na sarafu za watu kwenye kigae changu. Mara mlinzi akaja anakimbia, "Bibi, bibi, humu hawaruhusu ombaomba, umepitaje?" Akanishika kiwiko. Mimi. Mama yake ofisa.

Nilizimwaga zile sarafu kwenye maua yao. Nikamwambia mlinzi, "Toa mkono wako, mimi nilikuja kuhamia." Idi akatoka, Salma akatoka, yule baba wa bukta akawa anaomba radhi mpaka anatia huruma. Salma uso ulimwiva kwa aibu. Garini akasema, "Mama, watasema tunakuacha ukaombe barabarani." Nikamwambia, "Nilikuwa naomba moto, na anayeomba moto si ombaomba." Idi akasema, "Mama, huku hawana makaa. Wanapikia gesi."

"Basi jirani na jirani huku wanaombana nini?"

Gari linakwenda. Halafu Nasra huko nyuma akasema, "Intaneti, bibi. Tunaombana neno la siri la intaneti." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilijifunika kanga mpaka nyumbani, na chakula sikula. Salma alikuja mlangoni akasimama, akasema, "Mama, hatuhamii pale." Kuanzia siku ile nimempenda yule mtoto, ingawa chai yake bado ni maji ya moto tu.

Ihumwa tulikwenda mwisho, na mimi kigae nilikuwa nimeapa sitakitoa tena. Ni huko huko mashariki, reli inapita karibu, basi la wafanyakazi linachukua watu kituoni. Vumbi lipo, upepo upo, upepo wa Dodoma unajua, unakuvua kanga mchana kweupe. Nyumba zimekaribiana. Dalali, kijana mwenye maneno mengi, alitupeleka kwenye nyumba ya bati la bluu, ndogo kuliko ile ya Idi lakini ina uwanja nyuma. Kisha akatuzungusha kutuonyesha mtaa kwa gari. Mtaa wa kutembea tunaonyeshwa kwa gari. Nikasema nishusheni, miguu imekufa ganzi.

Waliposhuka kununua maji dukani nikaona moshi. Mama mmoja wa Kigogo, mtu wa makamo, amekaa mbele ya mlango wake anachoma maandazi kwenye jiko la mkaa, mikono unga mpaka viwiko. Akaniona namtazama, akaniamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, bibi. Unatazama maandazi au unanitazama mimi?"

Nikamwambia natazama makaa. Maneno yalitoka yenyewe, kiapo chote kikaenda na upepo.

Akaacha mwiko. Akanipima juu chini. "Moto wa nyumba ipi?"

Hawa, ni swali lile lile la kwetu, kwa maneno yale yale. Nilitaka kukaa chini pale pale vumbini.

"Ya bati la bluu," nikasema, ingawa hatukuwa tumekubaliana hata neno na mwenyewe.

"Kwetu Ugogoni mama zetu walikuwa wanafanya hivyo," akasema. "Nilidhani mlishakufa wote. Kigae kiko wapi? Unaomba moto mikono mitupu, utaubeba kwa kanga?" Nikakitoa. Akakigeuza. "Hiki cha maua. Haya, tutafanyaje." Akachagua kaa moja jekundu, nene, akaliwekea majivu chini. "Na mwenye nyumba yuko wapi, hana mikono?"

Nikamwita Idi. Akaja na chupa ya maji mkononi, nikampa kigae. Akatazama kile kigae, akanitazama mimi, akamtazama yule mama. "Mama, ingia garini twende nao."

Yule mama akamjibu kabla yangu. "Moto haupandi gari, baba. Ukipanda gari nani atauona?"

"Mimi ni ofisa, mama," Idi akaninong'oneza.

"Na ofisa anapika wapi, hewani? Beba."

Akabeba. Ungemwona mwanetu, shati jeupe, viatu vya daktari, amekinga kaa kwa kiganja upepo usilile. Kila akisimama nalo linafifia, kwa hiyo hana budi kwenda. Dalali nyuma yetu anaendesha gari polepole kama msiba. Fundi viatu akainua kichwa: "Bosi, moto huo wa wapi?" Idi akainamia kaa lake. Nikamwambia, "Jibu. Ndiyo kazi ya moto huo." Akasema, "Wa nyumba ya bati la bluu." Wazee wanaocheza drafti nao wakauliza. Akajibu. Mama anayepeta mchele akauliza, akajibu, sasa sauti imetoka. Mzee mmoja wa drafti akasema, "Karibu. Aliyekaa pale kabla yako hakuleta moto, aliingia na kufunga mlango, hata sura yake sikuijua." Mpaka tunafika, mtaa mzima umeshajua huyu ni nani, ametoka wapi, na kwamba mama yake ni mkali.

Nikapanga mafiga nyuma ya nyumba. Kaa lilikuwa hai. Idi akapiga magoti na suruali yake ya kazini akalipulizia. Dalali akasema, "Bibi, mkataba bado hatujaandika." Nikamwambia, "Basi andika haraka, moto umeshaingia."

Jioni yule mama akaja kutazama kama limeshika. Anaitwa Mama Damari, mume alifariki. Alitazama, akasema kuni tulizoweka ni mbovu, akaondoka. Nikajua hapa tumefika.

Tumekaa sasa. Asubuhi Idi anatembea kwenda kituoni, anapita kwa Mama Damari, andazi hapewi kwa sababu nilishakataza, anapewa maneno. Jioni anatembea kurudi. Gari limepigwa vumbi mpaka kuku wanataga chini yake. Salma alinuna wiki za mwanzo, vumbi, kelele za treni, lakini juzi amerudi na bakuli la mlenda la mtu, akasimama jikoni akasema, "Mama, wananijua jina." Ameshtuka na yeye. Si mimi peke yangu.

Lakini nisingekuandikia kwa ajili ya mlenda. Nakuandikia kwa ajili ya Jumamosi iliyopita.

Mimi na Salma tulikwenda mjini soko la Majengo kutafuta kitambaa cha mapazia. Nasra yuko kwa rafiki yake. Idi tulimwacha amelala, akasema atakunywa chai akiamka. Tulikawia, Salma na rangi zake, hii imepauka, hii inang'aa. Tuliporudi, tukikata kona, nikaona viatu mlangoni kwetu. Ndala, kobazi, viatu vya watoto, vimejaa kizingitini.

Unajua, Hawa, viatu vingi mlangoni mchana maana yake nini. Salma alitupa kitambaa akakimbia, mimi nilishika ukuta wa jirani. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba nimemleta mwanangu afie mahali pa wageni, na kwamba nitakuja kukwambia kwa maneno gani. Nilisoma shahada. Nikajiburuta mpaka mlangoni.

Nikamkuta Idi amekaa kwenye mkeka, amelowa jasho, bakuli la uji mkononi, na Mama Damari amesimama juu yake na mikono ya unga.

"Unameza dawa halafu hunywi chai, unarudi kulala! Una akili wewe? Mume wangu alikwenda hivyo hivyo. Kunywa. Nimesema kunywa, usinitazame."

Mama Damari alikuwa hajamwona Idi akipita kwenye matembezi yake. Jumamosi anapitaga mapema. Akangoja maandazi ya sufuria moja, akangoja ya pili, akatazama nyuma ya nyumba hakuna moshi, akaacha mafuta yanachemka akaja kugonga. Hakuna aliyeitika. Akamwita fundi viatu, wakasukuma mlango. Idi alikuwa chini jikoni, anatetemeka, haongei. Akamlambisha sukari kijiko kwa kijiko kama mtoto mchanga hadi macho yakarudi. Na mafuta yake aliyoyaacha jikoni? Yule mzee wa drafti aliyatoa motoni, lakini maandazi yameungua yote.

Nilitaka kumgombeza Idi, nikafungua mdomo. Hakukuwa na kilichobaki. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimekuta mtu amenimalizia ukali. Nilikaa kwenye mkeka karibu naye, nikashika mguu wake wa kushoto, ule wenye pengo, nikaushika tu. Akasema, "Mama, nimekutia hofu." Nikamwambia anywe uji.

Basi ndiyo hivyo. Nimesema sirudi mpaka nione akianguka ataokotwa. Nimeona, ingawa sikuomba nionyeshwe kwa namna ile. Narudi mtama ukishavunwa huku, na basi la yule yule kondakta wa barua.

Nisalimie mumeo, mwambie paa langu la upande wa jikoni nililomwomba azibe, kama hajaziba asinisalimie. Msalimie mwalimu wa madrasa, amwombee dua huyu mtoto bila kuuliza kwa nini. Msalimie mkunga aliyemzalisha Idi, kama bado anasikia. Habari ya kidole usimwambie, ataumia. Watoto wa marehemu kaka wote, kila mtu kwa jina lake, usiwajumlishe kama kuku. Na mke wa mwenye duka msalimie pia, tumbo limepona.

Jambo moja la mwisho. Nyumba yangu imefungwa tangu niondoke, na jiko limepoa. Najua una haraka ya wema, utataka unifungulie na kuniwashia ili nikute chai. Usiwashe. Weka kiberiti chako mbali. Nitashuka kwenye basi nije moja kwa moja mlangoni kwako na hiki kigae cha maua, na hata kama goti linauma simama, uniulize vizuri, moto wa nyumba ipi.

Ni mimi dada yako,
Mwajuma, mama yake Idi.
Ihumwa, Dodoma.